Swali la Sita

Nimerudi zamu, nguo bado zanuka maabara,
nikamkuta Thuwaiba kaufunika mkeka kwa makaratasi,
penseli moja kaichomeka nyweleni,
ya pili kaitafuna hadi kwenye risasi.
Mtihani kesho saa mbili. Kitabu ni cha Kiarabu,
nyumba ni ya Kiswahili, na dirishani
mwenge wa bandari ya Sohar unachoma gesi ya ziada
kama jirani asiyezima taa.

"Shangazi, nieleze tena. Lakini usinisomeshe."

Haya. Kaboni ina mikono minne.
Si mitatu, si mitano. Hapa umempa mitano:
huyu si kaboni tena, huyu anaelekea kuwa pweza.
Akacheka, akafuta, kifutio kikaacha kovu la kijivu.
Moja methani, mbili ethani,
tatu na nne zimo mtungini jikoni,
propani na butani, ndizo zinazomkimbiza babu yako ngazini
asubuhi gari la gesi likipita likigongagonga chuma.
Kuanzia tano ni hesabu ya Wayunani tu, usiogope.

Sasa chora kwa mkato. Panda, shuka, panda, shuka,
meno ya msumeno.
Kila kona ni kaboni, na kila ncha.
Haidrojeni hatuziandiki.
"Kwa nini? Hazina haki?"
Zipo. Hesabu mikono isiyochorwa imeshika nini,
utazikuta zote nyumbani.

"Nne-methilipentani," akaandika.
Rudi. Mnyororo haujui kulia wala kushoto.
Anza Kiarabu, anza Kiswahili,
ila anza upande ulio karibu na tawi.
Akahesabu kwa ukucha, akakomea mbili.
"Kumbe tawi ndilo linaloamua."
Nikanyamaza. Hilo sikumfundisha mimi.

Swali la sita ndilo lililomtoa machozi.
Alichora kaboni tano zimenyooka kama barabara ya Batina,
na tawi la kaboni mbili likining'inia kona ya pili.
Mbili-ethilipentani, kwa mwandiko mzuri kabisa.
Hakuna kitu hicho duniani, mwanangu.
Tia kidole hapa, kwenye ncha ya tawi.
Panda. Kata kona. Nenda.
"Moja, mbili, tatu, nne, tano..."
Kidole kikasimama. "Sita?"
Sita. Ulichokiita tawi kilikuwa shina.
Mnyororo mrefu haulazimiki kunyooka.
Andika: tatu-methiliheksani.

Baba alikuwa kafungua feni, skrubu kazipanga kwenye kisahani,
hakuinua uso.
"Mimi pale ofisini kwa vitambulisho," akasema,
"mwaka ule tulipofika,
karani alinihesabu kuanzia kwa babu wa Ibra,
teremka, teremka, akafika kwa baba yangu, akasita.
Huyu kazaliwa Ujiji? Ujiji ndiyo wapi?
Akamwandika pembeni."
Akapuliza vumbi kwenye mapanga ya feni.
"Pembeni, kwa wino mwekundu."

Hapana aliyejibu. Mwenge ukapanda, ukashuka.

Tukamalizia asidi. Methanoiki, ile ya sisimizi akiuma,
na ethanoiki, imo chupani karibu na achari.
"Imo nini?" Baba akauliza.
Siki, Baba.
"Si mngesema."

Ilipokaribia saa saba usiku
alichukua karatasi safi ya mazoezi,
akaandika jina lake juu:
Thuwaiba binti Hilal bin Zahran.
Mstari ukamwishia hapo.
Hakufupisha. Akaigeuza karatasi ubavu,
akakata kona, akateremka nalo ukingoni,
bin Muhanna,
kwa penseli ileile iliyotafunwa.

Nikazima taa. Ile ya bandarini haina swichi.